Maji ya Bondeni kwa Shangazi

Jumatano, 1 Aprili

Nimeanza daftari hili kwa sababu furaha ikikaa kifuani bila kuandikwa naona itanipasua. Leo ni siku ya kumi na tisa tangu niolewe, na mvua kubwa imeanza. Mume wangu anasema mvua imenifuata mimi. Nikamwambia basi nimekuja na baraka zangu. Akacheka, akanifuta tope shavuni kwa kidole gumba, nami nikasahau kuwa nilikuwa nimesimama kwenye mavi ya ng'ombe hadi kwenye vifundo.

Niseme kweli, hapa si mahali ambapo msichana huota kupelekwa. Kuna ng'ombe ishirini na wawili, banda la kukamulia lenye bati linalovuja, na ua wa saruji ulioinama kuelekea kona moja. Kila kitu kinateremkia kona hiyo: mavi, mkojo, maji ya kuoshea sakafu, maji ya kusuuzia vyombo vya maziwa, na sasa mvua. Harufu inaingia hadi kwenye mto wa kulalia. Siku ya kwanza nilimuuliza mama mkwe huwa inaisha lini.

"Haiishi, mwanangu," akasema. "Pua ndiyo huisha."

Lakini yeye, mume wangu, akirudi jioni ananiita kutoka langoni kwa sauti ile yake, laini kama samli iliyopata joto, na mimi nasikia sauti tu. Harufu siisikii.

Alhamisi, 2 Aprili

Baba mkwe amenikabidhi ubao. Nimejisikia kama nimepewa funguo za nyumba.

Mwisho wa ua mfereji unagawanyika. Njia moja inakwenda kwenye shimo kubwa la samadi ya maji, nyingine inashuka hadi kijitoni. Katikati kuna ubao mzito unaochomekwa kuziba njia moja kati ya hizo. Tukianza kuosha, ubao unawekwa uchafu uende shimoni. Tukimaliza, unageuzwa ili mvua inayoangukia sakafu safi ishuke kijitoni. Baba ana bakuli jeupe la bati lenye waridi jekundu lililochorwa chini. Anakinga maji ya mwisho ya kusuuzia, anatazama.

"Ukiliona waridi, geuza ubao. Usipoliona, suuza tena."

"Na nikisahau, Baba?"

"Shimo lina nafasi ya mavi ya ng'ombe wangu mpaka mvua ziishe na trekta liweze kuingia shambani kuyamwaga. Halina nafasi ya mavi na mawingu pamoja."

Mama akanieleza yaliyobaki tukiwa jikoni. Nusu saa kwa miguu, ukifuata kijito kuteremka, anakaa Shangazi, dada wa pekee wa Baba. Anachota maji kwenye chemchemi iliyo ukingoni mwa kijito hichohicho. Zamani shimo lilikuwa na bomba la kupunguzia lililomwaga kijitoni, na mvua ikizidi Baba alilifungua. Chemchemi ikaharibika, Shangazi akaugua. Miaka tisa ndugu hawa wawili hawakusemezana. Wamepatana mwaka huu tu, kwa ajili ya harusi yetu. Baba alilipiga bomba kizibo cha mti kilichozungushiwa gunia, akamwapia dada yake kuwa hakitatoka tena akiwa hai. Nilimwona Shangazi akicheza siku ile, kaka yake akimshika mkono, na sikujua kuwa wametoka mbali hivyo. Mapenzi yetu yamepatanisha watu. Nimelia kidogo, kwa utamu wake.

Ijumaa, 3 Aprili

Mvua. Nimeliona waridi mara ya pili ya kusuuza.

Jumatatu, 6 Aprili

Mvua. Dereva wa gari la maziwa kanisimamisha. "Bibi harusi, naona umeshanukia ndoa." Nikamwambia na yeye ananukia ukapera. Mume wangu alicheka hadi akaegemea ukuta.

Jumamosi, 11 Aprili

Baba amelala na kifua, anakohoa. Mama yuko naye. Ua tumeachiwa sisi wawili. Jioni, tulipokuwa tukiosha, radi ikapiga na ng'ombe wakaruka, na yeye akanivuta chini ya koti lake tukakimbia hadi ndani tukiwa miguu minne na kichwa kimoja. Siandiki zaidi. Kuna mambo hata daftari halipaswi kuyajua.

Jumapili, 12 Aprili

Mvua imenyesha mchana kutwa kama mtu aliyelipwa. Tumekamua, tumeosha, tumerudi chini ya koti.

Jumatatu, 13 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi Baba aliamka kwa mara ya kwanza, akajikongoja na fimbo hadi shimoni, na tukamsikia akimwita mume wangu kwa jina la utotoni. Tulikimbia wote. Shimo, ambalo Ijumaa mtu angesimama ndani na asionekane, lilikuwa limebakiza kiganja kimoja kufika ukingoni. Juu kulikuwa na utando wa kahawia unaotikisika kila tone likidondoka.

Nikatazama mferejini. Ubao ulikuwa bado umeziba njia ya kijitoni. Ulikuwa hapo tangu Jumamosi jioni, kwa sababu mimi ndiye niliyeuweka na mimi ndiye niliyekimbia chini ya koti. Jumapili niliukuta umeshakaa upande wa kuoshea, sikuutazama tena. Siku mbili, mvua yote ya ua na ya paa la banda iliingia shimoni.

"Ubao ulikuwa mkononi mwa nani?" Baba akauliza.

Nilifungua mdomo. Kabla sauti haijatoka, mume wangu akasema, taratibu, bila hata kunitazama, "Mimi, Baba. Nilimwambia aingie ndani asilowe, nitaugeuza mwenyewe. Nikasahau."

Baba alimtazama muda mrefu. "Miaka ishirini na saba nimekufundisha ubao mmoja," akasema.

Yeye akainamisha kichwa. Amebeba kosa langu kama mtu anayembebea mkewe mzigo sokoni. Wasichana niliosoma nao shuleni walikuwa wakisema wanaume wa namna hii hawapo. Ningetamani niwaite wote waje wasimame hapa kwenye tope wamwone.

Baba ameamua hivi: trekta haliingii shambani, litazama. Kwa hiyo shimo litapunguzwa kwa ndoo. Ndoo mia moja kila siku, mume wangu, zipelekwe kwenye handaki la shamba la juu ambako hakuna njia ya kufika kijitoni, mpaka mvua zikatike. Mimi nimeomba kusaidia. Baba akasema aliyesahau ndiye atakayechota. Nikatazama chini. Yeye akanikonyeza.

Jumanne, 14 Aprili

Amechota mia moja. Mabega yamechubuka. Nimeyakanda kwa maji ya moto, nimeyabusu.

Jumatano, 15 Aprili

Sitini na kidogo. Mvua ilirudisha nusu.

Alhamisi, 16 Aprili

Arobaini. "Hii ni kazi ya kuchota bahari kwa kijiko," amesema. Sikupenda alivyosema, lakini alikuwa amechoka. Shimo limebakiza upana wa vidole vitatu.

Jumamosi, 18 Aprili

Nimeamka alfajiri, kitanda upande wake ni baridi. Mvua ilikuwa inapiga bati hata sikuweza kusikia kikohozi cha Baba chumba cha pili. Nilipotoka na ndoo ya kukamulia, nikamkuta anatoka nyuma ya shimo, analowa, anatabasamu.

"Umeamka saa ngapi, wangu?"

"Wewe unakoroma, mimi nachota," akasema. "Kaone."

Nikaenda kuona. Shimo lilikuwa limeshuka zaidi ya mkono mzima. Nilimkumbatia mbele ya ng'ombe wote. Mama alipokuja akasimama ukingoni, akasema, "Heri mwanangu," kisha akatazama ndoo zilizopangwa ukutani. Nami nilizitazama. Zilikuwa safi. Nikafikiri, ameziosha. Mume wangu ni msafi.

Jumapili, 19 Aprili

Viganja vyake ni laini. Malengelenge ya Jumanne yanapona. Sijui kwa nini naandika hili.

Jumanne, 21 Aprili

Leo Shangazi amekuja.

Alikuja kwa miguu kwenye mvua, akiwa amejifunga kitambaa kichwani, mkononi ana chupa ya plastiki. Hakupiga hodi wala hakukaa alipokaribishwa. Akaiweka chupa mezani, katikati ya vikombe vyetu. Maji yalikuwa ya rangi ya kahawia, na chini yameweka mashapo.

"Kaka, hujambo."

"Sijambo, dada yangu. Kaa."

"Sikai. Watu husema damu ni nzito kuliko maji. Nimekuletea maji uone uzito wake."

Baba aliinua chupa, akafungua, akanusa. Uso wake ukapoteza rangi. "Si kutoka kwangu," akasema. "Bomba limezibwa. Nilikuapia."

"Uliniapia. Jumamosi asubuhi nimechota, nimekunywa, nikasikia ladha ya zamani. Miaka tisa sijaisahau."

"Mvua ni kubwa. Huenda ni mbuzi wa huko juu yako."

"Mbuzi gani anayekunya pipa zima, kaka?"

Ndipo mume wangu akasimama. Akamsogezea Shangazi kiti, akamshika mabega, akasema kwa ile sauti, ileile, laini, yenye joto, "Shangazi yangu, wewe ndiye uliyenibeba mgongoni. Ningeweza kukufanyia hivyo mimi? Nimechota ndoo kwa mikono hii mpaka mgongo unaniuma. Muulize mke wangu."

Wote wakanigeukia. Shangazi ana macho madogo meusi, na yalikuwa yamechoka.

Nikasema, "Amechota, Shangazi."

Na ni kweli. Jumanne alichota.

Shangazi akaitazama chupa, akaiacha palepale, akatoka. Baba akamfuata hadi langoni bila koti, anakohoa, anasema, "Naapa, dada. Naapa kwa kaburi la mama yetu." Mgongo wa Shangazi haukugeuka.

Sikuweza kula. Haikuwa kwa sababu ya chupa. Sauti ile naijua. Ndiyo sauti aliyotumia kumwambia Baba kuwa yeye ndiye aliyesahau ubao, na mimi nikailia machozi ya mapenzi. Ndiyo anayoniitia kutoka langoni. Nimekaa kitandani nikijaribu kukumbuka kama ana nyingine.

Jumatano, 22 Aprili

Mvua.

Alhamisi, 23 Aprili

Mvua. Nimeliona waridi mara ya tatu. Sijamuuliza chochote. Yeye anaimba akiosha.

Jumamosi, 25 Aprili

Dereva wa maziwa kaleta habari kuwa Shangazi anaumwa tumbo, hawezi kusimama, na jirani yake anamchotea maji kwenye kisima cha mbali. Hakufanya mzaha wowote leo. Baba alisikiliza, akaingia chumbani, akafunga mlango. Mama akaniambia tukiwa tunasuuza vyombo, "Baba yako akiapa, huapa kweli. Ndiyo maana atakufa nayo hii."

Nikamwambia sijaelewa.

"Umeelewa, mwanangu," akasema, akaendelea kusuuza.

Jumatatu, 27 Aprili

Nitaandika yote kama yalivyotokea, hata yale yanayonitia aibu.

Alfajiri nilimsikia akiinuka. Mvua ilikuwa kubwa kama ya siku ile. Niliamka baada yake, nikavaa viatu vya mpira, nikamfuata. Kulikuwa kunaanza kupambazuka, rangi ya majivu. Shimo lilikuwa limejaa tena, limefika ukingoni kabisa. Yeye alikuwa amechuchumaa upande wa chini, penye bomba, ana nyundo, anagonga kizibo kutoka pembeni kama mtu anayejua mahali pake.

Nikasema, "Acha."

Hakushtuka hata kidogo. Akainua uso, akatabasamu. "Rudi ndani, mpenzi, utapata baridi."

"Shangazi anaumwa."

"Shangazi anaumwa kila mwaka. Mvua hii itayachanganya maji, hata hatajua. Robo saa tu."

"Ulifungua siku ile."

"Nilifungua. Ungetaka ukingo upasuke, uchukue banda na ng'ombe? Nani angelaumiwa? Fikiri vizuri." Akasimama, akaja akanishika mikono. Mikono yake ilikuwa na joto. "Nilifanya kwa ajili yako. Ubao ulikuwa wako. Nimekuficha kwa Baba, nimekuficha kwa Mama, nimekuficha kwa Shangazi mwenyewe. Mwanamke mwingine angenishukuru."

Kwa muda nilishukuru kweli. Naliandika hilo. Moyo uliyeyuka kama kawaida yake, na miguu ikataka kurudi kitandani. Kisha nikaenda nikakaa juu ya bomba, mgongo ukiwa umeegemea kizibo. Maji yakaniingia nguoni hadi kifuani.

"Ondoka hapo."

Sikuondoka.

"Utakaa mpaka lini?"

"Mpaka Baba aamke."

Aliniangalia kama anayehesabu kitu. Hakunigusa. Sitasema kwamba alinigusa. Aliitupa nyundo kwenye majani, akaingia ndani, na baada ya kitambo nikamwona dirishani akijikausha nywele.

Baba alinikuta hapo. Nilimwambia yote: ubao ulikuwa wangu, nilikimbia nikauacha siku mbili, na mwanawe alinifichia. Kisha bomba. Baba alinisikiliza akiwa amesimama kwenye mvua na fimbo yake. Nilipomaliza akainama kwa shida, akashika gunia lililozungushiwa kizibo. Lilikuwa gunia la chakula cha ng'ombe tulichonunua mwezi huu. Lile lake la zamani lilikuwa limetupwa majanini.

"Nimeapa kwa kaburi la mama yangu," akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Leta ndoo."

Tulichota wote wanne, kutwa nzima, Baba naye, akikohoa. Mume wangu alichota vizuri kuliko wote. Ana nguvu. Mgongo wake ukiwa umelowa bado ni mzuri kuutazama, na hilo ndilo lililoniliza.

Jumanne, 28 Aprili

Baba amekwenda bondeni peke yake. Amerudi jioni, amekaa, amevua viatu. Mama akamuuliza Shangazi amesema nini.

"Amesema hataki kiapo changu tena. Anataka maji." Chemchemi haitasafika mwaka huu, pengine hata mwaka ujao. Kila asubuhi madumu mawili kutoka kisima chetu, na ayapeleke mpwa wake mwenyewe, kwa mabega yake. "Na kabla hajayapokea, anywe kikombe kutoka kila dumu mbele ya macho yake. Amesema mdomo wa mtoto yule hauamini, tumbo lake ataliamini."

Mume wangu akasema, "Sawa, Baba." Kwa ile sauti.

Alhamisi, 30 Aprili

Ndoo. Madumu. Anaondoka kabla hatujamaliza kukamua. Tunalala kama vijiko vilivyopeana mgongo. Nimemsalimu, ameitikia.

Jumapili, 3 Mei

Mvua imepungua. Shimo limebakiza dhiraa nzima. Amenitania kidogo leo kuhusu viatu vyangu. Nilicheka haraka mno.

Jumamosi, 9 Mei

Ana namna ya kuinamisha kichwa akivua koti. Niliisahau, leo nimeiona tena. Huenda mtu akapitia jambo kama hili na kutoka upande wa pili. Baba naye leo amempa salamu mezani. Shangazi ameanza kusimama, asema dereva wa maziwa, ingawa amekonda, nguo zinamning'inia.

Jumatatu, 11 Mei

Naandika kwa furaha. Amerudi kutoka bondeni uso umefunguka, akanishika kiuno palepale kwenye mlango wa banda. "Leo Shangazi amepokea madumu bila kunionjesha," akasema. "Amesema inatosha, mwanangu. Ameniita mwanangu."

Nilimwangukia shingoni. Nilimwambia najuta kwa kila siku niliyompa mgongo. Akasema hana kinyongo. Jioni nimevaa gauni alilonichagulia kabla ya harusi. Tumeongea mpaka usingizi ukatuchukua tukiwa katikati ya sentensi.

Jumatano, 13 Mei

Mvua imekatika tangu jana. Anga iko juu, imeoshwa. Baba anasema wiki ijayo trekta litaingia shambani.

Nimekwenda bondeni. Nilitaka kumshukuru Shangazi, nikabeba sabuni mbili na kitambaa. Chemchemi yake nimeipita njiani. Maji yamerudi kuwa meupe, ukiangalia tu ungekunywa, lakini mawe ya chini yana utelezi mweusi, na hakuna nyayo za mtu pembeni.

Alikuwa ameketi mlangoni akichambua mboga. Mikono imebaki mifupa. Alinikaribisha vizuri, akanipa kigoda. Nikamwambia, "Shangazi, nimekuja kukushukuru kwa kumsamehe."

"Nani?"

"Mume wangu. Kwa kuacha kumwonjesha."

Akaacha kuchambua. "Leo amekunywa vikombe viwili hapo ulipokaa. Jana viwili. Juzi viwili, akalalamika kuwa cha pili kina baridi." Akanitazama kwa yale macho madogo. "Kwani amekuambia nini?"

"Nilielewa vibaya, Shangazi."

"Haya," akasema, akarudi kwenye mboga. Hakuniuliza tena. Tukachambua wote hadi zikaisha.

Njia yote ya kurudi nilikuwa najiuliza jambo moja. Bomba nalielewa. Aliogopa ukingo usipasuke, alichoka, alimwogopa baba yake. Lakini hili halikuwa na faida yoyote kwake. Hakuna aliyemlazimisha, hakuna aliyemuuliza. Aliona tu kuwa nina huzuni, akaona neno ambalo lingeniondolea, akalisema. Pengine hata alinipenda wakati analisema. Hilo ndilo siwezi kulimaliza.

Nilimkuta uani akisuuza, jua limempiga begani, suruali amekunja hadi magotini. Alinitabasamia kutoka mbali.

"Umefika kwa Shangazi? Anasemaje?"

Nikasimama. Mama alikuwa mlangoni mwa banda, ametulia, ananitazama.

Nikamwambia, kwa sauti nzuri kabisa, kwamba Shangazi anamsalimu sana.